Majibu Yametoka, Yana Maana Gani? Wasomaji Wauliza Kuhusu Hepesi na Kipimo cha Damu

Barua za safari hii karibu zote zimekuja na picha ya karatasi ya maabara, na maswali yanafanana: nimeambukizwa au sijaambukizwa, na kama nimeambukizwa, nani kaniambukiza? Swali la pili kipimo cha damu hakilijibu kabisa. La kwanza hulijibu kwa masharti: damu ilitolewa siku ya ngapi, kipimo kilikuwa kipi, na namba iliyotoka ni ngapi.

Kwa wasiofahamu, virusi vya hepesi tunavyovizungumzia hapa ni vya aina mbili. HSV-1 ndicho kinacholeta vile vipele vya mdomoni ambavyo watu husema "homa imetokea mdomoni". Wengi hukipata utotoni, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wanacho. HSV-2 makazi yake ni sehemu za siri. Watu milioni 520 wa miaka 15 hadi 49 wanacho, Afrika ndiyo inayoongoza, na wengi wao hawana habari. HSV-1 nacho hufika sehemu za siri kwa njia ya ngono ya mdomo. Ukishakipata kimojawapo hakitoki mwilini. Hujificha kwenye mizizi ya neva na kutokeza mara moja moja.

*Shikamooni madaktari. Jumamosi usiku kondomu ilipasuka. Jumapili yule dada akaniambia ana hepesi ya sehemu za siri, humtokea mara mbili tatu kwa mwaka, ila kwa sasa hana kidonda. Leo Jumatatu asubuhi nimekimbilia maabara, majibu ni HSV-2 IgG hasi. Je, nimenusurika?*
*Kijana, Mwanza*

Marahaba. Ujumbe wako tuliujibu jioni ileile kwa sababu kulikuwa na jambo lisilosubiri toleo la gazeti, nalo si hepesi. Kondomu ikipasuka, saa inayohesabiwa ni ya VVU. Dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio huanza mapema kadiri iwezekanavyo na kamwe si zaidi ya saa 72. Kwako mwisho ulikuwa Jumanne usiku. Mtu huenda hospitali, idara ya dharura au kliniki ya CTC (ya huduma za VVU), anapimwa VVU kwanza, kisha anapewa vidonge vya siku 28. Asiyezimaliza ni kama hakuanza. Na kama mwenzako hatumii uzazi wa mpango, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo vina siku zake: hadi siku tano, na vile vya kawaida vya madukani hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya siku tatu.

Sasa hepesi. Majibu ya Jumatatu hayasemi lolote kuhusu Jumamosi. Kipimo cha IgG hakitafuti kirusi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda baada ya kukutana nacho, na huwaunda taratibu. Baadhi ya watu huanza kuonyesha baada ya wiki tatu, wengi zaidi kufikia wiki ya sita, na ni kwenye wiki ya 12 ndipo hasi inakuwa hasi ya kuaminika. Wachache huchelewa hadi wiki ya 16.

Hata hivyo usiitupe karatasi hiyo. Inaonyesha ulivyokuwa kabla ya Jumamosi. Ukipima wiki ya 12 kwenye maabara ileile, kwa kipimo kilekile, na namba ikawa imepanda kutoka chini kabisa hadi juu waziwazi, hapo ndipo tutasema maambukizi ni mapya. Asiye na karatasi ya mwanzo akikutwa chanya miezi mitatu baada ya tukio hawezi kujua kama ni ya tukio hilo au ya miaka kumi iliyopita. Ukishindwa kungoja, pima wiki ya sita, ila kwa makubaliano: hasi ya wiki ya sita ni lazima irudiwe.

Kuhusu ukubwa wa hatari, uwezekano wako ni mdogo, ila upo. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2004, jozi 1,484 za wapenzi, mmoja ana HSV-2 na mwenzake hana, zilifuatiliwa kwa miezi minane. Katika kundi ambalo mwenye virusi hakuwa akipewa dawa, wenza walioambukizwa walikuwa asilimia 3.6. Hao walikuwa wakikutana kimwili miezi yote minane. Wewe ni usiku mmoja. Lakini usijipe moyo kwa hoja kwamba hakuwa na kidonda. Watafiti waliowachukua sampuli kila siku watu wenye HSV-2 walikuta kirusi kwenye ngozi takriban siku 20 katika kila siku 100 kwa wale ambao huwa wanatokwa na vidonda, na siku 10 kwa wale ambao hawajawahi kuona dalili yoyote. Maambukizi mengi hutokea siku ambazo mtu anaonekana mzima kabisa.

Dalili zikija, huja kati ya siku ya 2 na ya 12, mara nyingi kwenye siku ya nne hivi: mwasho au kuchonyota mahali pamoja, kisha malengelenge madogo yaliyojikusanya, yanapasuka na kuwa vidonda vinavyouma, mitoki inavimba, pengine na homa. Ukiona hata lengelenge moja, achana na damu, nenda ukachukuliwe sampuli ya kidonda ndani ya saa 48. Na tafadhali usinunue asikloviri, dawa ya hepesi, dukani "kwa tahadhari". Hakuna ushahidi kwamba inazuia hepesi baada ya tukio, na inaweza kuchelewesha kingamwili, ukaja kupima wiki ya 12 ukadanganyika. Mpaka majibu yatoke, kondomu kila mara.

Halafu kuna ugonjwa ambao hujauuliza: kaswende. Pima pamoja na VVU sasa, rudia wiki ya sita na mwezi wa tatu. Hepesi itakukera, kaswende isiyotibiwa itakula moyo na ubongo, na inapona kwa sindano.

*Assalaam alaykum. Mimi na mchumba wangu tulipima kabla ya ndoa. Yeye hasi kila kitu. Mimi nimetoka HSV-2 IgG "chanya 1.62". Wallahi sijawahi kulala na mwanamume. Harusi ni mwezi ujao, na mama mkwe ameshapata habari kabla hata mimi sijaelewa nini kimeandikwa. Nimepimwa vibaya au nimepata wapi?*
*Dada, Mombasa*

Waalaykum salaam, dada yetu. Karatasi yako ni mfano halisi wa jambo ambalo maabara nyingi huliacha bila maelezo, kwa hiyo tutakaa nalo.

Namba 1.62 si wingi wa virusi wala ukali wa ugonjwa. Mashine hupima jinsi damu yako inavyobadili rangi ya kemikali, kisha hugawanya kwa kiwango cha damu ya mfano. Chini ya 0.9 huandikwa hasi, kati ya 0.9 na 1.1 haieleweki, juu ya 1.1 huandikwa chanya. Mstari huo wa 1.1 uliwekwa na watengenezaji, na watu waliokaa karibu na kipimo hiki kwa miaka wanajua kwamba eneo kati ya 1.1 na 3 ni la kutilia shaka.

Kuna kipimo kigumu zaidi kiitwacho Western blot, ambacho kwa hepesi hufanywa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, Marekani, na ndicho hutumika kuamua kesi za utata. Damu zilizopelekwa huko zikiwa na namba kati ya 1.1 na 2.9, takriban 4 kati ya 10 tu ndizo zilizothibitika kuwa na HSV-2. Zenye 3 na zaidi zilithibitika karibu 8 kati ya 10. Kweli, wanaopeleka damu Seattle ni wale ambao tayari wana mashaka, kwa hiyo usizichukue namba hizo kama sheria ya watu wote. Lakini mwelekeo wake ni huohuo popote.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina uzito zaidi. Utafiti uliofanywa Rakai nchini Uganda na Kisumu nchini Kenya ulionyesha kwamba vipimo hivi vya kingamwili hutoa chanya za uongo nyingi zaidi kwenye damu za huku kuliko za Marekani, na watafiti wakapendekeza mstari wa chanya upandishwe hadi karibu na 3.5. Karatasi yako, kama karatasi nyingi za mjini, bado inatumia 1.1.

Halafu ongeza historia yako. Chukulia wasichana 100 ambao hawajawahi kujamiiana, wapimwe kwa kipimo kinachokosea mara 5 katika kila 100. Watatoka watano wenye karatasi ya chanya, na wote watano watakuwa hawana kitu. Kipimo hichohicho, namba hiyohiyo, kwa mtu aliyewahi kuwa na wapenzi kadhaa na vidonda vya mara kwa mara, kingekuwa na maana nyingine kabisa. Ndiyo sababu Marekani kikosi cha serikali kinachoshauri juu ya vipimo vya kinga kimesema mara mbili, mwaka 2016 na 2023, kwamba watu wasio na dalili wasipimwe hepesi kwa damu. Kuiweka kwenye orodha ya vipimo vya ndoa ni kutafuta ugomvi ambao haukuwapo.

La kufanya ni hili. Rudi maabara uombe jina kamili la kipimo, namba yako na viwango vyao. Hakikisha ni kipimo kinachotenganisha HSV-1 na HSV-2 kwa kutumia glikoprotini G, protini ya kirusi inayotofautiana kati ya aina hizo mbili. Kama kimeandikwa "HSV 1/2 IgG" kwa pamoja, kinaweza kuwa kimeona HSV-1 ya utotoni tu, ukakitupe. Pima tena katika maabara nyingine inayotumia kipimo cha mtengenezaji tofauti. Vikipingana, hiyo ni chanya ya uongo mpaka ithibitike vinginevyo. Vikikubaliana na namba bado ni ndogo, ndipo unauliza maabara kubwa kama inaweza kupeleka damu nje kwa Western blot. Ni gharama, na wengi hawahitaji kufika huko. Ukitoka na 5 au 8 mara mbili mfululizo, hapo tutazungumza lugha nyingine, ingawa hata hapo karatasi haisemi lini wala kwa nani.

Kuhusu mama mkwe: majibu ni mali yako, na aliyeyatoa bila ruhusa yako amekosea. Ukiulizwa, sema "majibu hayajakamilika, narudia". Huo ni ukweli mtupu. Na mchumba wako ajue kwamba hasi yake nayo ina nafasi ya kukosea. Vipimo hivi hukosa baadhi ya wenye HSV-2, na kwa HSV-1 hukosa karibu watu 3 kati ya 10.

*Nina mimba ya wiki 14. Nimepimwa TORCH, Herpes IgM imetoka chanya. Nimeambiwa ni maambukizi mapya na mtoto ataathirika. Silali.*
*Mama mtarajiwa, Dodoma*

Lala, mama. TORCH ni mkusanyiko wa vipimo vya maambukizi yanayoweza kumdhuru mtoto tumboni, na IgM ni kingamwili za mwanzo. IgM ya hepesi ni kipimo ambacho hatukiagizi. Hakitenganishi vizuri HSV-1 na HSV-2, huchanganywa na kingamwili za virusi ndugu, na hata kwa mtu mwenye hepesi ya miaka mingi huweza kuwa chanya kirusi kinapojitokeza. Kwa hiyo neno "mapya" halikutoka kwenye kipimo. Limetoka kwa aliyekisoma. Usikubali uamuzi wowote kuhusu mimba kwa karatasi hiyo peke yake.

Hatari ya kweli kwa mtoto iko mwishoni. Mwanamke anayeambukizwa kwa mara ya kwanza karibu na kujifungua humwambukiza mtoto kwa kiwango cha asilimia 30 hadi 50. Aliyekuwa nayo tangu zamani, au aliyeipata mwanzoni mwa mimba, ni chini ya asilimia 1, kwa sababu mtoto hupata kingamwili za mama yake. Kwa hiyo ulizana na mume: amewahi kuwa na vidonda sehemu za siri, au vipele vya mdomoni? Kama ndiyo na wewe hujawahi, miezi mitatu ya mwisho msikutane kimwili, na ngono ya mdomo iachwe kabisa. Kama wewe ndiye uliyewahi kuwa na vidonda, waambie kliniki. Utaanzishiwa asikloviri miligramu 400 mara tatu kwa siku kuanzia wiki ya 36. Siku ya uchungu mkunga akague kwa taa. Kukiwa na kidonda, au unasikia ile kuchonyota ya kabla ya kidonda, unajifungua kwa upasuaji. Bila hivyo, njia ya kawaida.

*Nina vidonda uumeni siku ya tatu sasa, vinauma, kukojoa ni mateso. Jamaa wa kijiweni kaniambia nifungue kidonge cha rangi mbili nimwagie unga. Nimemwagia, vimekauka juu. Nipime damu gani?*
*Dereva bodaboda, Morogoro*

Damu ya kaswende na VVU, ndugu, si ya hepesi. Ukiwa na kidonda kibichi, jibu liko kwenye kidonda, na siku ya tatu ndiyo mwisho mwisho wa wakati mzuri. Kwanza osha huo unga kwa maji safi. Haumfikii kirusi: ni antibayotiki, nayo huua bakteria tu. Unachofanya ni kuunda gamba, na chini yake kidonda kinaendelea. Sifa za unga huo zinatokana na jambo moja: shambulio la kwanza la hepesi hupona lenyewe kwa wiki mbili hadi nne, kwa hiyo lolote utakalomwagia litasifiwa.

Sampuli huchukuliwa hivi, na una haki ya kuangalia inavyofanywa. Asubuhi hiyo usipake dawa, spiriti wala Dettol. Mhudumu achague kidonda kipya kuliko vyote, ikiwezekana lengelenge ambalo halijapasuka, alitoboe kwa sindano safi na kuzungusha pamba ya sampuli kwenye kitako cha kidonda kwa nguvu kidogo. Itauma. Pamba iliyopita juujuu bila kuuma hurudi na hasi isiyo na maana. Kijiti cha pamba kiwe cha plastiki, si cha mbao, kwa sababu mbao huweza kuvuruga kipimo. Pamba iingizwe kwenye chupa yenye maji maalumu ya kuhifadhia virusi, si kwenye ile jeli ya bakteria, na ikae kwenye friji mpaka isafirishwe. Kipimo kinachoombwa ni PCR ya HSV, kinachotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe, yenye kutaja aina. Ikitoka chanya, mjadala umekwisha. Ikitoka hasi na kidonda kilikuwa kimeshaota gamba, haijakanusha kitu.

Kama hospitali yako haina PCR, hutakiwi kungoja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unasema mwenye kidonda sehemu za siri atibiwe hepesi na kaswende kwa pamoja siku hiyohiyo: sindano ya benzathini penisilini uniti milioni 2.4, kawaida hugawanywa nusu kila tako (sema kama penisilini imewahi kukudhuru), pamoja na asikloviri. Sababu ni kwamba kipimo cha kaswende huweza kuwa hasi siku za mwanzo za kidonda. Kidonda cha kaswende kwa desturi ni kimoja, kigumu pembeni, hakiumi. Vyako ni vingi na vinauma, ila tumeona vya kutosha kutoaminiana na macho.

Asikloviri, ile inayoandikwa Acyclovir kwenye pakiti, dozi ya shambulio la kwanza ni miligramu 400 mara tatu kwa siku kwa siku 7 hadi 10. Kama duka lina vidonge vya miligramu 200 ni viwili kila mara, yaani vidonge 42 kwa siku saba. Wengi huuziwa pakiti moja ya vidonge 10, wanameza siku mbili, kisha wanasema dawa haifanyi kazi. Krimu ya kupaka usihangaike nayo. Kunywa maji mengi, na mwenye ugonjwa wa figo aseme mapema maana dozi yake hupunguzwa. Vikirudi siku za mbele, dozi ni fupi: miligramu 800 mara tatu kwa siku, siku mbili tu, mradi uanze siku ileile unaposikia kuchonyota. Ukisubiri vidonda vitoke vyote umechelewa.

Kukojoa: jimwagie maji ya uvuguvugu huku ukikojoa, mkojo unazimuliwa kabla haujagusa kidonda. Paracetamol, chupi ya pamba isiyobana, na kama mfuko unaruhusu, siku chache bila kukalia pikipiki. Osha mikono kabla ya kugusa macho. Nenda hospitali haraka mkojo ukigoma kabisa, kichwa kikiuma sana na shingo kukakamaa, au jicho likiwa jekundu na kuuma. Kidonda kikipita mwezi bila kufunga, kipimo cha VVU si cha hiari tena.

*Mimi nina HSV-2 iliyothibitishwa kwa PCR. Mke wangu amepima mara mbili, ni hasi, namba 0.2. Tunataka mtoto. Tunafanyaje bila kumwambukiza?*
*Baba, Arusha*

Kwanza heko kwa kumwambia. Mna nyenzo tatu, na hakuna inayotosha peke yake.

Ya kwanza ni kujua siku zako. Tangu kuchonyota kwa kwanza hadi ngozi iwe imerudi laini, si gamba tu, hakuna kukutana kimwili, hata kwa kondomu, maana kidonda kinaweza kuwa kwenye korodani au paja ambako kondomu haifiki.

Ya pili ni kondomu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 wa wanandoa na wapenzi kutoka nchi kadhaa za Afrika, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwemo, ulikuta kondomu inapunguza maambukizi ya kila tendo kwa asilimia 96 kutoka kwa mwanamume kwenda kwa mwanamke, na asilimia 65 kutoka kwa mwanamke kwenda kwa mwanamume. Ninyi mko upande wenye nafuu. Msitumie mafuta ya kupikia wala Vaseline kulainisha. Mpira hulegea na kupasuka. Tumieni kilainishi cha maji.

Ya tatu ni valasikloviri, dawa ndugu ya asikloviri, miligramu 500 kila siku. Katika ule utafiti wa 2004 ilishusha maambukizi kutoka asilimia 3.6 hadi 1.9 kwa miezi minane. Hapa wengi hujaribu kubana matumizi kwa kuchukua asikloviri, iliyo rahisi zaidi. Asikloviri miligramu 400 mara mbili kwa siku inapunguza vidonda vyako, hilo halina ubishi. Lakini ilipojaribiwa Afrika kwa watu wenye HSV-2 na VVU pamoja, haikupunguza kumwambukiza mwenza. Kwa lengo lenu, kama mnaweza kumudu, valasikloviri.

Kwa mtoto, fanyeni hivi: wewe uwe umeshaanza dawa na huna dalili yoyote. Mke afuate siku zake. Mzunguko wa siku 28 wenye mpangilio, siku za kushika mimba ni takriban ya 10 hadi ya 15. Siku hizo tu ndizo za bila kondomu. Mimba ikiingia mnarudi kwenye kondomu, na miezi mitatu ya mwisho mnapumzika kabisa kwa sababu tulizomweleza mama wa Dodoma. Kliniki wajue tangu hudhurio la kwanza kwamba baba anayo na mama hana. Wengi huandika historia ya mama tu, ya baba hawaulizi.

*Nasikia hepesi inarahisisha VVU. Nikimeza asikloviri kila siku si nitakuwa nimejikinga na vyote?*
*Msomaji, Geita*

La kwanza ni kweli: mwenye HSV-2 ana hatari takriban mara tatu ya kupata VVU. La pili lilijaribiwa jirani na kwako, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, kwa wanawake wanaofanya kazi kwenye baa, hoteli na nyumba za wageni. Walimeza miligramu 400 mara mbili kwa siku. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008, na maambukizi ya VVU hayakupungua. Kama uko kwenye hatari, ulizia PrEP, yaani dawa za kujikinga na VVU kabla ya tukio, kituo cha afya.

*Tunachangia choo nyumba ya kupanga, mmoja ana hepesi. Tuhame?*
*Wapangaji, Tabata*

Msihame. Kirusi hiki hakidumu kwenye sinki, kigoda wala sabuni. Hupita ngozi kwa ngozi. Wembe tu msiazimane, na mwenye kipele kibichi mdomoni asimbusu mtoto mchanga, hata kama ni bibi yake.

*Nimetokwa na malengelenge ubavuni upande mmoja tangu jana, yanawaka kama moto. Daktari kaandika HERPES ZOSTER. Mkwe wangu kasoma faili, sasa nyumba nzima wananitazama. Nina miaka 68.*
*Mzee, Tanga*

Shikamoo mzee wetu. Huo ni mkanda wa jeshi. Unaletwa na kirusi cha tetekuwanga ulichokipata utotoni na kikalala miaka yote hii. Ni wa ukoo mmoja na HSV, lakini si ugonjwa wa zinaa na mkwe hana haja ya kuulizia mtu. Una siku mbili za kuwahi, maana dawa inasaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele utoke: asikloviri miligramu 800 mara tano kwa siku kwa siku saba, dozi kubwa kuliko zote tulizotaja juu, kwa hiyo waambie wakuangalie figo kwanza. Funika upele kwa kitambaa safi, na mpaka yote yaote magamba, wajawazito na watoto wachanga ambao hawajawahi kupata tetekuwanga wakae mbali nawe. Upele ukipanda kwenye paji la uso au pua, usingoje kesho. Jicho liko hatarini.